Nani Analipa Gharama ya Ushuhuda Wako?

Maandiko: 1 Wathesalonike 2:9 na 4:11-12, Tito 2:9-10, Marko 6:30-31

Somo hili nililifundisha Jumapili ibada ya kwanza, na kwa vile wengi walinisimamisha pale nje na maswali, nimeliandika tena kwa upana kidogo.

Tukisema maisha ya Mkristo yenye usawa, wengi wetu tunafikiria ratiba: saa ngapi za maombi, saa ngapi za kazi, Jumamosi gani ya kushuhudia mtaani. Ratiba ni nzuri. Lakini mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na kuna swali moja la darasani ambalo halijanitoka: nani analipa? Ukikunywa chai ya bure ofisini, kuna mtu aliyenunua maziwa na sukari. Na zile saa mbili ulizohubiri jana, zilitoka mahali. Ama zilikuwa zako, ama zilikuwa za mtu mwingine.

Kuna ndugu mmoja ameajiriwa duka hapa mjini. Anampenda Yesu, hakuna anayebisha. Mteja akiingia kununua balbu, anaulizwa kwanza akifa usiku huu ataenda wapi, na huku nyuma foleni inakua. Mwenye duka aliponiongelesha hakuwa na hasira. Alisema hana shida na Yesu wa huyo kijana, shida yake ni saa anazolipia mshahara. Wapendwa, huyo mwenye duka hajaokoka, na katika jambo hili ana haki. Paulo alimwagiza Tito awafundishe watumwa wasiwaibie mabwana zao, na sababu anayotoa ni kwamba uaminifu wao unayapamba mafundisho ya Mungu. Kama mtumwa asiyelipwa chochote aliambiwa hivyo, sembuse wewe mwenye payslipu? Muda wa mwajiri ni mali ya mwajiri. Shuhudia saa ya chakula, shuhudia kwenye matatu ukienda nyumbani. Na ukiwa kaunta, uza balbu vizuri, kwa bei ya haki, bila kumcheleweshea mtu.

Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Kule Thesalonike aliwakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asiwe mzigo kwa mtu yeyote akiwahubiria. Hakusema ni vibaya mhubiri kulipwa (mimi mwenyewe nalipwa na kanisa hili, nashukuru). Lakini alijua mji ule ulikuwa unamwangalia. Katika barua ya pili tunaona kwa nini: kulikuwa na waumini walioacha kazi kabisa na kuzunguka tu wakijishughulisha na mambo ya wengine. Paulo hakuwapongeza kwa kuwa wa kiroho. Aliwaambia wafanye kazi, wale chakula chao wenyewe.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe kule Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu hospitali ya Gahini, Rwanda. Waliomba na kusoma Neno pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, ukafika mpaka Kenya na Tanganyika. Tunapenda kukumbuka nyimbo na machozi ya siku zile, lakini kilichowashangaza majirani ni kwamba watu waliookoka walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni, kama Zakayo. Mtu akikugongea mlango na pesa alizokuibia, humwambii akuondokee. Unamuuliza nini kimekupata. Basi ushuhuda umeanza, na wewe ndiye umeuomba.

Hata wao walisumbuliwa na jambo la kipimo. Mwaka wa 1941 wanafunzi zaidi ya ishirini wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu hawakutii maagizo ya mkuu wa chuo kuhusu maombi yao ya alfajiri na mahubiri chuoni. Nagenda baadaye alitumiwa na Mungu katika nchi nyingi. Mtu anaweza kuwatetea, mtu anaweza kuwalaumu. Ninachoona mimi ni kwamba wao walilipa wenyewe. Walipoteza nafasi zao za masomo, hawakumpelekea mtu mwingine bili.

Na bili mara nyingi inapelekwa nyumbani. Dada mmoja aliniambia, "Pasta, mtaa mzima umehubiriwa. Sisi watoto na mimi tunamwona baba Jumapili jioni, na akifika amechoka." Kesha Jumanne, krusedi Alhamisi hadi Jumamosi, na karo ya muhula uliopita bado haijalipwa. Hapo wanaogharamia krusedi ni watoto. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, na huo ni uzito mkubwa, kwa sababu unaweza kuikana imani ukiwa umeshika maikrofoni.

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, zaidi ya mia nne mwishowe, Mkenya akigongewa mlango na mtu mwenye Biblia anajiuliza: huyu anataka niache nini? Kazi? Shule ya watoto? Tusikasirike tukiulizwa. Jirani ana haki ya kutazama kama watoto wako wanakula na wanaenda shule.

Halafu kuna mwili wako. Wanafunzi waliporudi kutoka safari ya kuhubiri, watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata, na Yesu akawaita kando wapumzike. Sisi wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa hili sana. Waulize wanariadha wa Kaptagat ama Iten: kuna siku ya mbio kali na kuna siku ya mbio za polepole, na baada ya marathoni wanapumzika kabisa. Anayekimbia kila siku kama ni mashindano anaumia kabla ya msimu.

Sasa wewe unayefurahi kusikia haya kwa sababu hujawahi kumwambia mtu yeyote habari za Yesu, usijifiche hapa. Unalipa madeni, unafika kazini mapema, jirani anakusifu kuwa umelelewa vizuri na mama yako. Petro anasema tuwe tayari kumjibu anayeuliza. Ukiulizwa, mtaje Yesu kwa jina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: kila mmoja aje na karatasi. Upande mmoja andika uliowashuhudia mwezi huu. Upande wa pili andika saa hizo zilitoka wapi, na unadaiwa na nani. Deni ambalo unaweza kulimaliza kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi, limalize kwanza, halafu uje.