Mabaka Yawashayo Yasiyokoma

Watu wengi huteremka kwenye chemchemi za maji moto hapa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, kuoga ili wapone maumivu ya viungo na magonjwa ya ngozi. Baadhi yao wana mabaka yavimbayo na kuwasha, ambayo madaktari huyaita urtikaria. Yafaa tuufahamu ugonjwa huu, kwani mwanafunzi aupataye aweza kutengwa bwenini bila kosa lolote.

Jina hilo latokana na neno la Kilatini urtica, yaani mmea uchomao ngozi. Mimea ya jamaa hiyo huota katika milima ya Virunga, na masokwe huila. Vinyweleo vya urtica vina histamini. Mwili wetu nao una histamini yake, iliyowekwa akiba katika chembe fulani za ngozi. Chembe hizo zikiimwaga, mishipa midogo ya damu huvuja maji. Ngozi huvimba na kuwasha.

Kwa kawaida baka moja hupotea kabla ya saa 24, na jingine hutokea penginepo. Yakirudi karibu kila siku kwa zaidi ya majuma 6, huo ni ugonjwa wa kudumu. Wengi hudhani chakula ndicho sababu, wakaacha sambaza na mayai. Lakini ugonjwa ukiwa wa kudumu, ni mara chache chakula kuwa sababu. Kwa wengi, kinga ya mwili yenyewe ndiyo izichokozayo chembe. Joto, jasho, nguo za kubana, na dawa kama aspirini na ibuprofeni zaweza kuyazidisha. Basi maji moto yaweza kumwongezea mgonjwa taabu badala ya kumponya.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haupatikani kwa kushiriki blanketi, wala si uchawi.

Na tiba je? Daniel Bovet aliongoza kazi iliyovumbua dawa ya kwanza ya kuzuia histamini mwaka 1937, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Siku hizi hutumika setirizini au loratadini. Humezwa kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia. Anayeimeza siku ya kuwashwa tu hudhani dawa haifai. Isipotosha, daktari aweza kuongeza kipimo hata mara 4. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe. Iko pia sindano ya omalizumabu kwa walioshindwa na vidonge. Kwa wengi ugonjwa hutulia baada ya miaka michache.

Lakini ulimi au koo likivimba, au pumzi ikiwa nzito, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, hata usiku wa manane.

Mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzetu akianza kujikuna, tusimhamishe kitanda. Tumsindikize kwa mganga wa kituo cha afya.