Mwalimu na Mapadre: Namna ya Kuzungumza juu ya Imani na Maisha ya Leo



Sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne twapenda sana kubishana juu ya dini. Bwenini, taa zikiisha kuzimwa, mmoja husema ya kwamba sayansi imekwisha kuishinda imani, na mwingine hujibu ya kwamba sayansi ni kazi ya watu wasiomcha Mungu. Ubishi huo huendelea mpaka kiranja anyamazishe watu, na asubuhi kila mmoja huamka akijua kadiri ile ile aliyoijua jana. Sababu yake ni moja: kila mmoja alitaka kushinda, wala hapana aliyetaka kujifunza.

Katika mkoa wetu wa Mara yamekuwako mazungumzo ya namna nyingine, baina ya watu wa hapa na wataalamu wa dini ya Kikristo. Yafaa tuyachunguze. Mfano wa kwanza nautoa Butiama, kwa Mwalimu Julius Nyerere. Sifa zake twazisikia kila tarehe 14 Oktoba, kwa hiyo sitazirudia. Nataka tutazame jinsi alivyozungumza na mapadre na masista katika maisha yake.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikoanza kuhudhuria mafundisho ya dini. Lakini hakubatizwa mpaka mwaka 1943, alipokuwa kijana wa miaka 21, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Basi alikaa miaka mingi akisikiliza na kupima. Hili ndilo fundisho la kwanza: jambo kubwa halitaki haraka. Mtu aulizaye maswali kwa muda mrefu si adui wa imani, wala mwalimu wake asimwone kuwa mkaidi.

Baada ya masomo ya Makerere, Padre Richard Walsh, mmoja wa Mapadre Weupe, alimwita afundishe katika shule ya St. Mary's, Tabora. Padre huyo alimsaidia pia kupata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma toka 1949 hata 1952. Huko alisoma historia, uchumi na falsafa. Tukumbuke kwamba aliyemsukuma kwenda kusoma elimu ya kisasa alikuwa padre. Yule asemaye bwenini kwamba dini na elimu haziwezi kukaa nyumba moja angepaswa kuueleza kwanza urafiki wa watu hawa wawili.

Sasa twafika mwaka 1955. Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya St. Francis, Pugu, na pia Rais wa TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai, 1954. Ilimpasa achague moja, naye akauacha ualimu. Alirudi nyumbani Mara bila mshahara. Mapadre wa shirika la Maryknoll, kutoka Marekani, walikuwa wamefika Musoma tangu mwaka 1946, na mmoja wao, Padre Arthur Wille, alitaka kujua Kizanaki. Nyerere akawa mwalimu wake, akasaidia na kufasiri maandiko ya dini katika lugha hiyo.

Hapo tuangalie vizuri. Padre alikuwa mtaalamu wa mambo ya Mungu, lakini katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Mtu anayefasiri maandiko hana budi kuuliza: Wazanaki husemaje “neema”? Husemaje “toba”? Je, neno hili wazee walitumialo kwa mizimu lafaa kwa Roho Mtakatifu, au litawapoteza wasikilizaji? Maswali hayo hayajibiwi na kitabu cha Ulaya. Hujibiwa na mtoto wa Butiama aliyeketi na wazee wake. Kwa hiyo fundisho la pili ni hili: mazungumzo mema ni yale ambayo kila mmoja huwa mwalimu kwa zamu yake. Tukienda kwa mtaalamu wa dini mikono mitupu, kama kwamba sisi hatujui lolote, twamnyima nusu ya somo.

Fundisho la tatu latoka mbali na Mara, ingawa watu ni wa ukoo ule ule. Tarehe 16 Oktoba, 1970, Nyerere, wakati huo Rais wa Tanzania, alihutubia mkutano wa Masista wa Maryknoll huko New York. Angeweza kuwashukuru kwa shule na zahanati, akaketi. Badala yake aliwaambia jambo zito. Alisema ya kwamba ubaya wa dunia hauko katika umaskini peke yake, bali katika kutengwa kwa watu wachache wenye mali na nguvu na watu wengi wasio na kitu. Na kwamba Kanisa lisiposimama upande wa wanaoonewa, watu wataliona kuwa ni mali ya wakubwa. Alisema hayo akiwa Mkatoliki, mbele ya masista waliomwalika. Basi heshima haimkatazi mtu kusema kweli, na mtu aipendaye nyumba ndiye huonyesha mahali paa linapovuja.

Lakini je, wataalamu wenyewe hujifunza kwetu? Naam. Mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliwachunguza Wajaluo wa Mara ya Kaskazini, akachapisha kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1970. Aliuliza kwa nini watu wengi huyaacha makanisa makubwa na kujiunga na madogo yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. Aliona kwamba katika makanisa madogo watu hujuana kwa majina, husaidiana katika ugonjwa na msiba, na huwa kama ndugu. Fikra za namna hiyo zilisaidia kuanzishwa kwa jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo mwaka 1976. Leo, Musoma au Bunda, mama anayekwenda kwenye jumuiya nyumbani kwa jirani huenda hajui kwamba mazoea hayo yalitokana kwa sehemu na mtaalamu aliyekubali kuwasikiliza watu wa hapa.

Wala mtaalamu si lazima awe mgeni. Wamennoniti walifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wao. Tangu hapo swali la mtu wa Mara liliweza kujibiwa na askofu mzaliwa wa huku huku.

Basi, ndugu zangu, yatufae nini haya? Mwaka huu tunamaliza shule. Mwezi wa Desemba tutakuwa nyumbani, na Desemba katika sehemu kadhaa za mkoa wetu ndio mwezi ambao wasichana hukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwalimu wa baiolojia ametueleza habari za kutokwa damu na shida za uzazi. Hata hivyo yako madada zetu ambao wataambiwa ya kwamba wakikataa hawataolewa, na wataleta aibu kwa ukoo.

Hili ndilo swali la kumpelekea padre, mchungaji au mwinjilisti. Nasi tumpelekee kwa ukamilifu: sheria yasemaje, sayansi yasemaje, na wazee wenyewe hutoa sababu gani. Akijibu “ni dhambi” na kunyamaza, tumwulize kwa adabu: “Baba, msichana huyu leo usiku atalala wapi?” Jawabu lisilompa mahali pa kulala ni nusu ya jawabu. Wako waliojibu kwa ukamilifu. Huko Masanga, wilaya ya Tarime, masista wamewapokea wasichana waliokimbia, wakawapa mafundisho ya kuingia utu uzima pasipo kisu, na kuzungumza na wazazi wao. Hapo imani, elimu na mila zimeketi pamoja kwa kazi moja.

Nataka kuongeza neno moja kwa wenzangu Waislamu na kwa wale wanaofuata dini za mababu. Shule yetu ni ya serikali, na serikali yetu haina dini, ingawa watu wake wana dini. Nimetoa mifano ya Wakristo kwa kuwa ndiyo niliyoisoma zaidi, lakini njia ni moja. Shehe, mzee wa mila na mchungaji, wote waweza kuulizwa kwa subira, wote wana la kutufundisha, na wote wana la kujifunza kwetu.

Mwisho, natoa maswali haya yajadiliwe madarasani au nyumbani, na wazazi wakipenda:

1. Ni neno gani la dini ambalo ni gumu kulifasiri katika lugha ya nyumbani kwenu? Kwa nini?

2. Je, mtoto aweza kumweleza mzazi au kiongozi wa dini kosa lake bila kumvunjia heshima? Toeni mfano.

3. Rafiki yako akikujia Desemba usiku akikimbia kukeketwa, utampeleka kwa nani? Mjue jina la mtu huyo na njia ya kwake kabla ya kufunga shule.