Ngoma ya Simba Katavi: Nani Anamtunza Mchezaji?

Wanafunzi wenzangu, neno "kutunza" lina maana mbili. Tunatunza mila, yaani tunaihifadhi isipotee. Tena tunamtunza mchezaji, yaani tunampa noti au kumfunga kanga anapocheza vizuri. Mimi ninayecheza ngoma naziona maana hizi mbili kuwa kitu kimoja: mila hudumu kwa namna ile ile watazamaji wanavyoilipia. Wakilipia kitu kizuri, mila inabaki nzuri. Wakilipia ovyo, nayo inaharibika, hata kama hatua na mavazi hayajabadilika. Mfano wangu unatoka nyumbani, Mkoa wa Katavi.

Msukuma amefikaje Katavi?

Hapa chuoni wengi wananijua kwa bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Nikisema natokea Mpimbwe, naulizwa: "Kwani huko si kwa Wapimbwe? Wewe Msukuma umefikaje?" Swali ni la haki. Wenyeji wa Katavi ni Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na wengineo. Hata jina la mkoa, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni la kwao. Linatokana na Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake inaaminiwa kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, na watu huenda kuweka sadaka pale.

Wasukuma walianza kuingia kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, wakitafuta malisho na ardhi. Walikuja na ng'ombe, majembe na ngoma zao. Kwa mtu aliyezaliwa mbali na Usukuma kama mimi, ngoma ndiyo ramani ya kwetu. Kabla sijafika Mwanza nilishajua kwamba Wasukuma tuna makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, na kwamba kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Yaani tangu zamani hakimu ni mtazamaji. Lishike hilo, tutalirudia.

Ngoma ilitoka wapi?

Bugobogobo haikuzaliwa jukwaani. Ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja shamba la mwenzao. Mdundo unapanga mikono, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na uvivu unaonekana mbele ya wote. Kilichosifiwa pale ni kazi, na ngoma ilikuwa njia ya kuifanya na kuisifu.

Kupanda jukwaani kulikuja baadaye. Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba yake alisikitika kwamba wasomi walijua rumba na waltz lakini hawakujua gombe sugu wala lelemama. Likaundwa kundi la ngoma la taifa, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Faida ni kubwa: Mhaya anaweza kucheza sindimba ya Kimakonde, na mimi naweza kucheza bugobogobo mbele ya mgeni rasmi bila kulima hata tuta moja. Ila hapo ndipo kitendo na sifa yake vilipoanza kuachana.

Somo la simba

Nyumbani Katavi, kuachana huko kumegharimu uhai wa simba.

Zamani Msukuma aliyemuua simba aliyeshambulia mifugo alihesabiwa shujaa. Alivaa, akapambwa, akazunguka kwa ndugu na majirani akicheza, na kila mji ukamtunza: fedha, mbuzi, hata ng'ombe. Mantiki yake inaeleweka. Simba anayekula ng'ombe wa jirani leo, kesho atakula wa kwako. Anayemkabili anahatarisha maisha yake kwa niaba ya wote, basi wote wanamlipa. Ilikuwa bima ya kijiji, jamani, kabla hatujasikia habari za bima.

Sasa angalia kilichotokea. Watafiti waliofanya kazi katika ukanda wa Katavi na Rukwa walieleza jinsi mambo yalivyogeuka: baadhi ya vijana waliacha kungoja simba aje zizini, wakamfuata yeye porini na hifadhini, ili wapate cha kuchezea. Hatua zilikuwa zile zile, na mavazi yale yale. Mama aliyetoa zawadi mlangoni hakuwa na njia ya kujua simba huyu aliuawa kwenye zizi la nani. Alidhani analipia ulinzi, kumbe analipia uwindaji. Na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua anayetetea maisha au mali yake, lakini haimlindi anayekwenda kuwinda simba bila kibali.

Tuwe wakweli pia: simba ana gharama. Taifa linapata watalii, mfugaji anapoteza dume la kulimia. Ukimwambia tu "acha mila potofu", umemtukana bila kumsaidia.

Ndiyo maana napenda njia iliyotumika. Mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ulikaa na viongozi wa jadi wa Wasukuma na serikali za vijiji. Badala ya kuishambulia ngoma, walishika kwenye kutunza: mchezaji ambaye simba wake hakuuawa kwa kutetea mifugo asipewe kitu. Mlango ukifungwa, hakuna safari ya kucheza. Na bila safari, kumfuata simba porini hakuna faida.

Mwacha mila ni mtumwa?

Methali hii tunaitumia kufunga mjadala. Lakini kati ya kijana aliyewinda ili acheze na mzee aliyesema "huyu asitunzwe", nani ameacha mila? Kwangu mimi ni kijana. Mzee ameshika kiini chake: sifa ni ya anayelinda wenzake. Mila ina wenyewe, na wenyewe wana haki ya kuirekebisha.

Hapa chuoni

Vikundi vyetu vinapojiandaa kwa usiku wa utamaduni, napendekeza maswali matatu kabla ya mazoezi. Kwanza, ngoma hii ilikuwa inasifu kitendo gani? Pili, nani alikuwa na haki ya kuicheza, na kuna mzee wa kumuuliza? Tatu, sisi watazamaji tunatunza nini: ufundi, maana, au kiuno tu cha kuweka kwenye simu?

Hilo la tatu linawahusu hata msiocheza. Umati ndio hakimu tangu enzi za Bagika na Bagalu, na noti unayoibandika kwenye paji la uso wa mchezaji ni kura. Mwaka huu kikundi chetu kitaanza kwa kueleza, dakika mbili tu, jembe lile lilikuwa linalima shamba la nani na kwa nini. Baada ya hapo tutacheza, na mkiridhika, mtutunze.