Vichochoro vya Kambi Muru na Daimensioni Isiyobadilika

Mwalimu, vichochoro vya Kambi Muru, kijiji chetu hapa Kibera, vinagawanyika, kisha vinagawanyika tena. Je, ni fraktali?

Kihisabati, hapana. Kila kichochoro huishia mlangoni kwa mtu, na hapo hakuna tawi dogo zaidi. Fraktali kamili haiachi kumeguka. Katika mstari wa Helge von Koch wa 1904, kila kipande huzaa vinne, kila kimoja theluthi ya mzazi wake, bila mwisho. Daimensioni yake ni takriban 1.26: umezidi mstari wa kawaida, haujafikia uso. Vichochoro vyetu hufanana nao kwa kiasi tu, kati ya upana wa mlango na upana wa kijiji.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao kwa GPS katika mradi wa Map Kibera. Lakini dunia ni mviringo na ramani ni bapa. Daimensioni haiharibiki?

Haiharibiki, na hapa ndipo wazo la Felix Hausdorff la 1918 linaponivutia zaidi. Funika umbo kwa vipande vidogo. Pandisha kipenyo cha kila kipande kwa kipeo s, jumlisha, kisha zidi kuvipunguza vipande. Kipeo kikiwa kidogo, jumla hukua bila kikomo. Kikiwa kikubwa, huweza kushushwa hadi karibu na sifuri. Mpaka kati ya hali hizo mbili ndio daimensioni.

Sasa, mgeuzo laini wa umbo lenye mipaka una kiwango cha juu cha kurefusha umbali, tuseme mara L. Basi jumla yote huzidishwa kwa L kipeo s, si zaidi. Sifuri hubaki sifuri, kwa hiyo daimensioni haiwezi kupanda. Mgeuzo ukiwa na njia ya kurudi iliyo laini pia, haiwezi kushuka. Ramani ya Mercator hurefusha umbali wa Helsinki karibu mara mbili, na ule wa Nairobi, jirani ya ikweta, hauugusi sana. Mstari wa Koch ungebaki na 1.26 yake katika miji yote miwili.

Hakuna mgeuzo laini unaoishusha?

Upo: kivuli. Umbo likiangushwa juu ya mstari, daimensioni ya kivuli chake haizidi 1, na kivuli hakirudishi umbo.

Na kuipandisha?

Lazima uache ulaini. Mwaka 1890 Giuseppe Peano alionyesha mstari usiokatika unaojaza mraba mzima. Daimensioni ilitoka 1 ikafika 2, kwa sababu mgeuzo wake hauna kikomo chochote cha kurefusha.