Elimu Haina Mwisho: Mama na Kamera Yake



Mara nyingi twasikia mama wa makamo akisema, "Wakati wangu wa kujifunza umekwisha pita, sasa ni zamu ya watoto." Maneno hayo yana upendo ndani yake, lakini je, ni ya kweli? Katika somo hili twataka kumtazama mama mmoja wa Uingereza ambaye alianza kazi mpya kabisa akiwa na miaka 48. Hatumweki mbele yenu kama mtu asiye na kasoro. Twamweka ili tuulizane swali moja: mama anapojifunza jambo jipya, ni nani hujifunza pamoja naye, na ni nani hulipa gharama yake?

1. Mama huyu alikuwa nani?

Jina lake ni Julia Margaret Cameron. Alizaliwa Calcutta, nchini India, tarehe 11 Juni 1815. Mwaka 1838 aliolewa na Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi umri kwa miaka 20. Mwaka 1848 jamaa hii ilihamia Uingereza, na mwaka 1860 wakafanya makao yao katika kijiji cha Freshwater, Kisiwa cha Wight, kusini mwa nchi hiyo.

Alizaa watoto sita, binti mmoja na wavulana watano. Zaidi ya hao alilea watoto wengine wasio wake. Mmoja wao, Mary Ryan, alikuwa mtoto maskini aliyekuwa akiombaomba pamoja na mama yake. Bibi Cameron alimchukua, akamsomesha pamoja na watoto wa nyumbani. Kwa hiyo tusidhani kwamba tunamzungumza mama aliyekuwa hana la kufanya. Nyumba yake ilikuwa imejaa watu.

Mwishoni mwa mwaka 1863 mumewe alikuwa safarini Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kuangalia mashamba yao ya kahawa. Binti yake, ambaye alikuwa ameolewa, pamoja na mumewe, waliona mama atakuwa mpweke. Wakampelekea zawadi ya Krismasi: kamera kubwa ya mbao. Walitumaini tu kwamba itamchangamsha. Angalieni jambo hili: kwa kawaida mzazi ndiye amnunuliaye mtoto daftari na kalamu. Hapa mtoto ndiye aliyemfungulia mama mlango wa shule.

2. Kazi yenyewe ilikuwaje?

Siku hizi kijana hubonyeza simu yake, na picha iko tayari. Miaka ile haikuwa hivyo. Mpiga picha alichukua bamba la kioo, akalisafisha sana, akalipaka dawa yenye kunata iitwayo kolodioni. Kisha akiwa katika chumba cha giza alilitumbukiza katika maji yenye dawa ya fedha, ili lipate kuona mwanga. Likiwa bado bichi, alilitia katika kamera, akapiga picha, akarudi mbio katika giza ili kuisafisha picha kabla kioo hakijakauka. Kikikauka, kazi yote imepotea.

Baada ya hapo kioo kilioshwa kwa maji mengi, kikapakwa vanishi. Ndipo kilipowekwa juani juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai, na picha ikatokea polepole. Dawa zenyewe zilitia mikono weusi usiotoka upesi, na moja yao, sianidi, ni sumu kali ya kuua.

Bibi Cameron hakuwa na chumba cha kazi. Basi ghala la makaa likawa chumba cha giza, na banda la kuku lenye vioo, ambalo alikuwa amewapa watoto wake, likawa chumba cha kupigia picha. Kuku wakaondolewa, na wavulana wakakosa faida ya mayai yao. Tangu siku ya kwanza, basi, elimu ya mama iliwagharimu watoto kitu, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba nyumba nzima iliipokea kazi hiyo kwa moyo mmoja.

3. Mwaka wa kwanza na kiangazi chake

Alianza bila kujua lolote. Hakujua aiweke wapi kamera wala amkalishe wapi mtu. Picha yake ya kwanza aliiharibu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuupitisha juu ya upande wa kioo wenye dawa. Lakini hakuacha. Tarehe 29 Januari 1864, saa saba mchana, alimpiga picha mtoto mmoja wa kike aitwaye Annie Philpot. Kufikia saa mbili usiku siku ileile picha ilikuwa imetolewa, imetiwa fremu na kutolewa zawadi. Aliiita mafanikio yake ya kwanza. Tangu zawadi ile ya Krismasi hata siku hiyo palikuwa wiki chache tu.

Kisha kikaja kiangazi, kiangazi chake cha kwanza akiwa na kamera. Katika nchi ile siku za baridi ni fupi na mwanga wake ni haba. Wakati wa kiangazi jua huchomoza mapema na kuchelewa kuzama. Kwa mpiga picha huo ndio wakati wa mavuno. Ila kiangazi kina mtego wake pia, maana joto hukausha kioo upesi.

Mwanga ulihitajiwa kwa sababu mtu aliyepigwa picha naye ilimpasa kukaa kimya bila kutikisika kwa muda wa dakika tatu, tano, hata saba. Mwombeni mtoto wa miaka minne akae hivyo, mtaelewa kazi ya mama huyu.

Mwaka huohuo wa 1864 alijiunga na Chama cha Wapiga Picha cha London, akapeleka kazi yake kwenye maonyesho, akaandikisha haki za picha zake kwa sheria, na duka la picha la Colnaghi likaanza kumuuzia. Mwanafunzi wa Januari alikuwa fundi kabla ya mwaka kwisha.

4. Walimu wake

Hakupata shule ya kazi hii. Walimu wake walikuwa jamaa na marafiki.

Wa kwanza ni Sir John Herschel, mwanasayansi mashuhuri, ambaye alifahamiana naye huko Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1836. Herschel ndiye aliyegundua dawa iliyowezesha picha kudumu isifutike. Alimjibu maswali yake kwa barua, tena akamwonya vikali juu ya sumu ile ya sianidi. Rafiki wa kweli hatusifu tu, hutuonya pia.

Wa pili ni mchoraji G. F. Watts, aliyemfundisha kutazama uso na mwanga. Wa tatu ni mumewe. Mama alikuwa akikimbia chumba cha kulia na kioo kinachochuruzika dawa, ili amwonyeshe picha mpya, naye mzee alifurahi na kumshangilia. Vitambaa vya meza viliharibika vingi, na madoa yake hayakutoka. Ndugu wasomaji, mume wa namna hiyo ni chuo kikuu nyumbani.

Na waliopigwa picha ni akina nani? Jirani yake alikuwa mshairi Tennyson, naye alikaa mbele ya kamera. Lakini waliokaa mara nyingi zaidi ni watu wa kawaida: watoto wa kijijini, wapwa zake, na wafanyakazi wa nyumbani. Msichana wa kazi Mary Hillier alipigwa picha kama Bikira Maria mara nyingi hata akajulikana kwa jina hilo. Kati ya picha za mwaka 1864 kuna tisa alizoziita Tunda la Roho, kwa kufuata Wagalatia sura ya 5, ya kwanza ikiwa Upendo na ya mwisho Kiasi. Mnamo Januari 1865 alizitoa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Hivyo sura ya mtumishi wa nyumbani ikaingia mahali ambapo wakuu wa nchi huhifadhi hazina zao.

5. Gharama yake

Ni haki kutazama upande wa pili. Wapiga picha wengi wa siku zile walimkosoa. Walisema picha zake zina ukungu, na vioo vyake vina alama za vidole na mikwaruzo. Baadhi ya lawama hizo zilikuwa za kweli. Lakini ukungu ule aliutaka mwenyewe, kwa maana alipoona uso umependeza alisimama hapohapo. Leo ndio wengi wanaousifu.

Watoto nao walichoka. Mwaka 1872 aliwavalisha watoto wawili mabawa ya ndege ili wawe malaika, na mmoja wao alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba haikuwa ajabu nyuso zao kuonekana zenye wasiwasi.

Tena kulikuwa na fedha. Vioo, dawa na karatasi vilikuwa ghali, na mashamba ya Ceylon hayakuleta mapato ya kutosha. Mwaka 1868 jumba la makumbusho la South Kensington lilimpa vyumba viwili vya kufanyia kazi, jambo la heshima kubwa. Hata hivyo alimwandikia mkuu wake kwamba mama mwenye wavulana wa kusomesha hawezi kuishi kwa sifa peke yake. Ni neno ambalo akina mama wetu wafuma mikeka na washona nguo watalielewa mara moja. Sifa hailipi ada.

Mwaka 1873 alifiwa na binti yake, yuleyule aliyempa kamera. Miaka miwili baadaye yeye na mumewe wakahamia Ceylon, na huko akafariki mwaka 1879. Mwanawe wa mwisho, Henry, akawa mpiga picha naye, mwenye studio yake London. Zawadi iliyotoka kwa mtoto ikamwendea mama, na kutoka kwa mama ikarudi kwa mtoto.

6. Twajifunza nini?

Kwanza, umri si ukuta. Kilichomfikisha mama huyu si wingi wa muda, maana hakuwa nao. Ni kwamba alianza na alichokuwa nacho: banda la kuku, ghala la makaa, na nyuso za watu wa nyumbani mwake.

Pili, mama hajifunzi peke yake. Akipata mume wa kumshangilia, rafiki wa kumwonya na mtoto wa kumsukuma mbele, atafika. Akidhihakiwa nyumbani, ataacha wiki ya pili. Kwa hiyo yule mama wa mtaa wetu anayejifunza kusoma, kushona au kutunza hesabu za kikundi anahitaji zaidi ya mwalimu. Anahitaji mtu wa kumwekea chungu motoni siku ya darasa.

Tatu, gharama isifichwe. Nyumba ikilipa, yafaa nyumba nzima ijue inalipia nini, nayo ishiriki matunda. Mwenye kujifunza naye awatazame wanaombeba, asiwachoshe kupita kiasi kwa ajili ya furaha yake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, yuko mama nyumbani kwako aliyetaka kujifunza kitu akaacha? Ni nini kilichomzuia?

2. Wewe kama mume, mtoto au jirani, unaweza kuacha "mayai" gani ili yeye aendelee?

3. Bibi Cameron aliona uso wa Bikira Maria katika msichana wake wa kazi. Sisi huwaonaje wale watusaidiao nyumbani? Je, nao wanapata nafasi ya kujifunza?

4. Kikundi chenu chaweza kufanya nini kabla ya mwezi huu kwisha ili mama mmoja tu aanze?