Barakoa na Ujirani Wetu wa Mpakani



Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020. Siku mbili baadaye mipaka ilifungwa kwa abiria, mizigo pekee ikiruhusiwa kupita. Mwezi Mei serikali iliagiza kila mtu avae barakoa awapo hadharani. Agizo hilo lililenga kulinda afya, lakini pia lilibadilisha namna tulivyoishi na majirani. Katika somo hili tunaeleza mabadiliko hayo na jinsi ya kuyakabili.

Kwanza ni salamu. Wakazi wa Bwera walijifunza kuacha kupeana mikono tangu Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia wilayani Kasese. Kwa barakoa tabasamu nalo lilifichika. Asiyeitikiwa hudhani amedharauliwa, kumbe mwenzake hakumtambua, au sauti imemezwa na kitambaa. Tusalimiane kwa sauti, tutaje jina, na tuweke mkono kifuani.

Pili ni kuelewana. Mtu mwenye uziwi hutazama midomo ya msemaji. Hali kadhalika mgeni anayesikiliza Lukonzo au Kiswahili kisicho lugha ya mamaye. Muuza samaki wa Katunguru na mteja wake wamezoea kupatana bei huku wakitazamana usoni. Basi tuseme polepole, tuoneshe kiasi kwa vidole, wala tusimcheke anayeomba kurudiwa maneno.

Tatu ni utambuzi. Askari akikuomba ushushe barakoa ili alinganishe uso wako na kitambulisho, simama hatua mbili kutoka kwake, ishushe kwa muda mfupi, kisha uivae tena. Nawe unayo haki ya kumwuliza jina na kituo chake, hasa uso wake pia ukiwa umefunikwa. Mtu akibisha hodi usiku, mwulize jina na shida yake kabla ya kufungua mlango. Hata hivyo, uso uliofunikwa si ushahidi wa uhalifu, na ugeni pia si kosa.

Nne ni heshima. Wakati wa agizo hilo walikuwapo waliokosa barakoa kwa umaskini, na wapo wenye maradhi ya kifua wanaopata taabu kupumua wakiwa wameivaa. Hao waelekezwe, wasitukanwe wala kupigwa, si na raia wala na askari. Anayetendewa isivyo haki na askari apeleke malalamiko kwa mkuu wa kituo au kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Tukipoteza imani yenu, hatutapata habari za wezi wala za wagonjwa wanaofichwa, na hasara hiyo itatupata sote.

Ukiona jambo la kutia shaka, mjulishe mwenyekiti wa kijiji au fika katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Ukifika, jitambulishe kwa jina. Nasi tutajitambulisha kwako.