SOMO LA ORDINATERE: KUENDESHA FLASKR BILA INTANETI



Wengi kati yetu wanajua kufungua navigatere na kusoma kurasa za wavuti. Lakini nani anajua kinachofanyika nyuma ya ekrani? Mtu anayetumia bila kufahamu ni kama mtu anayekula ugali kila siku na hajaona shamba. Leo tutajifunza ginsi ya kuendesha programu nzima ya wavuti ndani ya ordinatere moja, pasipo kutumia hata mega moja wakati wa kazi.

1. Flaskr ni kitu gani?

Python ni lugha ya kuandikia programu. Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Flask ni chombo cha kutengeneza programu za wavuti kwa Python. Armin Ronacher alikianzisha, na kilitoka mwaka 2010. Watu wa Flask walitayarisha mfano mmoja wa kujifunzia, unaitwa Flaskr. Katika Flaskr mtu anajiandikisha, anaingia kwa neno la siri, anaandika habari yake, na wengine wanaisoma. Ni kama bulletini yetu hii, ila haiombi stensili wala wino.

2. Sehemu tatu

a) Uso: kurasa za HTML na CSS tunazoona katika navigatere.
b) Serveri: programu ya Python inayopokea maombi na kuyajibu.
c) Hifadhi ya habari: hapa ni SQLite, iliyotoka mwaka 2000 kwa mkono wa D. Richard Hipp. Habari zote zinakaa katika fishie moja tu.

Fikirini biblioteki ya masomo. Mwanafunzi anasimama dirishani na kuomba kitabu. Mtunza-vitabu anasikia, anaenda kwenye rafu, anarudi na kitabu ao na neno « hakiko ». Mwanafunzi haingii mwenyewe kwenye rafu. Vile vile navigatere haigusi hifadhi hata kidogo. Inapashwa kupita kwa serveri.

3. Matayarisho

Kazi hii inaomba intaneti mara moja tu, pahali kwingine. Chukueni kwenye GitHub dosie ya pallets/flask. Kisha andikeni:

pip download flask -d paketi

Tieni yote katika kle USB. Angalieni: ordinatere ile na yetu zipashwe kuwa na sistemi ya aina moja na Python ya namba moja. Bila hivyo, vipande vingine vitakataa kuingia, na safari yenu itakuwa ya bure.

4. Kazi yenyewe

Ingieni katika dosie examples/tutorial, ndani ya ile ya Flask, na muweke humo dosie paketi. Andikeni mstari mmoja mmoja, msikimbie:

python3 -m venv .venv

Mstari huu unajenga chumba cha pekee kwa vyombo vya kazi hii, visichanganyike na vya wengine.

. .venv/bin/activate

Tumeingia chumbani. (Kwa Windows: .venv\Scripts\activate.)

pip install --no-index --find-links paketi flask

Vyombo vinatoka katika dosie yetu, si katika intaneti.

flask --app flaskr init-db

Meza za hifadhi zinatengenezwa.

flask --app flaskr run

Serveri inaanza. Sasa fungueni navigatere na muandike 127.0.0.1:5000. Namba 127.0.0.1 maana yake « mimi mwenyewe »: ordinatere inaongea na nafsi yake. 5000 ni namba ya mlango. Bonyezeni Register, mujiandikishe, muingie, muandike habari ya kwanza. Kusimamisha serveri ni Ctrl na C.

Mukitaka kuona kwamba sehemu tatu ziko mbalimbali, fungueni fishie flaskr/templates/blog/index.html, mubadilishe neno Posts kuwa Habari za Kilasi Chetu. Simamisheni serveri, muianzishe tena. Uso umebadilika, lakini habari zenu ziko vilevile.

5. Maangalisho

Kwanza: mukisahau init-db, Flaskr itakataa. Katika mistari ya makosa mutasoma « no such table: post ». Ordinatere haiharibiki, inasema tu kwamba rafu hazijajengwa. Someni kosa lote, zaidi mstari wa mwisho, mbele ya kuita mwalimu.

Pili, na hili lilituumiza. Siku moja umeme ulikatika. Uliporudi, mmoja wetu alianza tena mistari yote toka mwanzo, pamoja na init-db. Hakujua kwamba mstari ule unafuta kwanza hifadhi ya zamani, kisha unajenga mpya. Habari za wenzake zote, kazi ya siku mbili, zilipotea. Hakufanya kwa ubaya, alirudilia asichofahamu. Kwa hiyo, nyuma ya umeme kurudi, ingieni chumbani na muandike mstari wa run peke yake. Na kila jioni, serveri ikiisha kusimama, nakilini fishie instance/flaskr.sqlite katika kle. Ile ndiyo rafu yenu nzima.

Tatu: wenzenu wakiwa kwenye wifi moja nanyi, munaweza kuwafungulia kwa kuongeza --host=0.0.0.0 kwenye mstari wa run. Lakini msiongeze --debug wakati ule, sababu chombo kile kinaweza kumpa mgeni njia ya kuendesha amri ndani ya ordinatere yenu.

Nne: neno la siri haliandikwi wazi katika hifadhi, linageuzwa kwanza. Hata mwenye ordinatere hawezi kulisoma tu. Walakini, lichagueni refu.

6. Maulizo

1. Sehemu gani inasimama kati ya navigatere na hifadhi? Sababu gani?
2. Umeme umerudi. Ni mistari gani utaandika, na gani hutaandika?
3. Intaneti ya mji mzima imekatika. Flaskr yako itaendelea? Eleza.

Leteni majibu kwa mwalimu wa ordinatere. Anayejibu ulizo la pili vizuri atatunza kle ya kilasi.